MASHAURI KWA MWENYE CHOMBO: Oili ya Kwanza ya Pikipiki Mpya

Mtu anunuapo pikipiki mpya mjini Garissa hupewa pamoja nayo ufunguo, mkoba mdogo wa spana, na kitabu. Ufunguo hautoki mfukoni mwake. Spana huazimwa na jirani kabla juma halijaisha. Kitabu hutiwa sandukuni pamoja na stakabadhi, na aghalabu hakifunguliwi tena mpaka siku injini itakapoanza kutoa mlio usio wake. Walakini katika kitabu hicho umo ukurasa mmoja wenye thamani kuliko mkoba mzima wa spana. Ni ukurasa usemao kwamba matengenezo ya kwanza yafanywe pikipiki ikiwa imetembea kilomita mia chache tu. Kwa nyingi za pikipiki zitokazo India, ambazo zimejaa katika barabara za Kenya, kiasi chake ni baina ya kilomita 500 na 750. Nyingine huandikiwa 1,000.

Wengi huusoma ukurasa huo wakacheka. Chombo hakijapata hata mkwaruzo, rangi yake yang'aa, injini yawaka kwa teke moja. Kina ugonjwa gani hata kikafunguliwe bolti? Kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika injini mpya kidonda kipo, ila hakionekani kwa nje.

Kidonda chenyewe ni hiki. Ukuta wa silinda hukwaruzwa kiwandani kwa makusudi, mistari myembamba inayopishana, ili ushike mafuta. Ndani yake hupanda na kushuka pistoni yenye ringi za chuma, maelfu ya mara kwa dakika moja. Katika kilomita za mwanzo vilele vya mikwaruzo ile hulika, na ringi nazo hulika, hata ukuta na ringi vizoeane. Meno ya gia hufanya vivyo hivyo. Sasa unga wa chuma uliotoka hapo hauna njia ya kwenda nje. Huingia katika oili, na oili huuchukua kila mahali ipitapo. Tena katika pikipiki ndogo oili ni moja tu kwa injini, gia na klachi, wala nyingi hazina chujio la karatasi kama lile la motokaa. Zina wavu wa waya, ambao huzuia kipande kikubwa na kuuacha unga upite. Kwa hivi oili ya kwanza, ingawa ni changa kwa umri, hubeba chuma kingi kuliko oili yo yote itakayofuata. Mtu akiiacha humo mpaka kilomita 3,000, injini yake itakuwa ikijisaga kwa unga wake yenyewe.

Jambo hili lawahusu watu wote, lakini lawahusu zaidi watu wa Garissa, Wajir na Mandera, kaunti zile ambazo kabla ya mwaka 2013 ziliitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Huko mwendo ni mrefu. Pikipiki iliyonunuliwa Garissa ikaendeshwa hadi Wajir kwa njia ya Modogashe na Habaswein imemaliza zaidi ya kilomita 300 kabla haijabeba abiria wake wa kwanza. Mwenyewe akiitumia siku kumi tu kupeleka watu na mizigo, saa ya mwendo imekwisha pita ile 500, naye yuko mbali na duka alikonunua. Mfugaji wa Hulugho au Masalani hana hali nzuri zaidi. Na barabara zenyewe huweza kufungwa: mwaka 2024 Mto Tana ulipofurika, maji yaliikata njia baina ya Garissa na Madogo, na watu wakavushwa kwa mashua.

Ndiyo sababu ya kusema kwamba matengenezo haya ya kwanza mwenye pikipiki na ajifunze kuyafanya kwa mikono yake. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki zisizofika 250 cc, vyombo hivi vimeenea hata katika manyata ambako motokaa huonekana siku ya soko tu. Hupeleka maziwa ya ngamia mjini asubuhi, hurudi na unga na sukari, huchukua mgonjwa kwenda zahanati, na wakati wa kiangazi humtangulia mchungaji kutafuta malisho. Nyumba iliyouza fahali wawili kununua pikipiki imegeuza mali iliyozaa kuwa mali isiyozaa, na mali hiyo isipodumu, fahali wale hawarudi.

Kabla ya kushika spana kuna neno moja la kutazama. Pikipiki mpya huja na dhamana ya mtengenezaji, na mara nyingi kitabu kina vikaratasi vya matengenezo ya bure ambavyo wakala huvikata na kugonga mhuri. Mwenye kukaa karibu na wakala hana sababu ya kujifanyia. Na aende, apate mhuri wake. Aliye mbali na ampigie simu wakala kwanza, aulize kama dhamana itavunjika, na kama mtu akiweka stakabadhi ya oili na kuandika tarehe na kilomita itakubaliwa. Akiambiwa haikubaliwi, achague mwenyewe. Lakini kungoja mpaka kilomita 2,000 kwa ajili ya mhuri ni biashara mbaya, maana mhuri hautengenezi silinda.

Ama oili, hapo ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Mtu husikia kwamba oili ya motokaa ya bei kubwa ndiyo bora, akainunua ili aitunze pikipiki yake. Klachi ya motokaa iko pakavu. Ya pikipiki hizi huoga ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi za motokaa za siku hizi hutiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi kazi yake ni kushika kwa msuguano. Dawa hiyo ikiingia, klachi huteleza: injini yalia, pikipiki haiendi, hasa palipo na mchanga na abiria wawili. Kwa hivi mnunuzi na atazame chupa apate herufi JASO MA, au MA2, alama ya Wajapani iliyowekwa mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Uzito wa oili kitabu ndicho kiusemacho. Nyingi za pikipiki za India huandikiwa 20W-50, nyingine huandikiwa nyepesi zaidi, na mtu asibadili kwa kusikia maneno ya kijiweni. Kiasi chake hukaribia lita moja. Chupa iwe na kizibo ambacho hakijavunjwa, kwa sababu wako watu wasioona haya kujaza chupa tupu kwa oili iliyochujwa kwa kitambaa.

Wakati wa kufanya kazi ni alfajiri. Mahali pengine pasipo na joto jambo hili si kitu, lakini Garissa ni lazima. Sehemu moja ya matengenezo haya, ile ya kupima nafasi ya vali, hufanywa injini ikiwa baridi kabisa. Vitabu vya Honda hutaja baridi hiyo kuwa chini ya digrii 35. Sasa Garissa adhuhuri hewa yenyewe huipita 35, basi injini iliyolala kivulini tangu jana yaweza isiwe baridi kwa hesabu ya kitabu. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo nafasi. Kwa hivi vali hutangulia, oili hufuata, maana oili yataka injini yenye uvuguvugu.

Na kuhusu vali, ukweli ni kwamba si kila mtu aziguse. Nafasi inayopimwa ni ndogo mno: kwa injini za namna ya Honda CG125 ni milimita 0.08, unene wa ukurasa wa kitabu hivi, na injini nyingine zina kipimo chao. Hupimwa kwa vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila. Mwenye fila, na aliyewahi kumwona fundi akiitumia, aweza kujaribu. Asiye nayo na aliache jambo hili kwa fundi, lakini asilisahau, kwa kuwa vali iliyobana sana haitoi mlio wo wote, huungua kimyakimya. Inayogonga kidogo humwita mwenyewe, hiyo haina hatari kubwa.

Hiyo CG125 yastahili kutajwa zaidi. Honda waliitoa mwaka 1976, wakiwafikiria watu wa nchi ambazo chombo hubebeshwa mizigo mizito na hakitunzwi sana. Wakaipa injini nyepesi kutengenezwa na ngumu kuharibika. Viwanda vya China viliinakili, na pikipiki nyingi za Kichina zionekanazo Afrika Mashariki ni wajukuu wake. Toka hapo umetokea usemi kwamba pikipiki hizi hazihitaji kutazamwa. Waliounda injini hiyo walijua kwamba mwenyewe atachelewa kubadili oili, wakajaribu kumsaidia. Hawakusema asibadili.

Basi jua likiwa bado halijapanda, pikipiki iwashwe dakika tatu au nne, izimwe, isimamishwe wima kwa stendi ya katikati mahali pa sawa. Mchanga si mahali pa sawa. Ubao chini ya stendi watosha. Karai huwekwa chini ya injini. Kifuniko cha juu cha oili hulegezwa kwanza ili hewa iingie, kisha bolti ya chini. Hapa spana iwe ya kiasi chake hasa. Koleo na spana ya kufungua na kufunga huvila vichwa vya bolti vikawa mviringo, na bolti ya mviringo hufunguliwa kwa patasi. Oili itatoka ikiwa vuguvugu. Aliyetoka safari ndefu asifungue papo hapo, maana itamuunguza mkono.

Oili ile isimwagwe mara moja. Itazamwe juani. Ikimetameta kama iliyotiwa vumbi la fedha, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na mwenyewe ataona kwa macho yake sababu ya kazi hii. Achovye vidole viwili, asugue. Akisikia unga laini, vema. Akikuta vipande vinavyochoma, au vigamba vya chuma vya kushikika, hiyo si kazi yake tena. Oili ihifadhiwe katika chupa safi na ipelekwe kwa wakala pamoja na pikipiki, iwe ushahidi. Wavu wa waya nao hutolewa, huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, hurudishwa kama ulivyokuwa. Petroli isitumiwe kuoshea kitu, hasa karibu na jiko la mkaa ambalo watoto wamekwisha liwasha kwa chai.

Bolti ya chini ina pete laini ya shaba au ya alumini. Ikiwa imebonyea sana, iwekwe nyingine. Kuikaza ndiko kunakoharibu pikipiki nyingi mpya. Bolti ni ya chuma, lakini mwili wa injini ni alumini, na alumini ni laini. Kijana mwenye nguvu, akitia bomba kwenye spana apate kukaza zaidi, hung'oa nyuzi zote za tundu, na tundu hilo haliponi kwa shilingi chache. Bolti huanzwa kwa vidole mpaka ishike, halafu spana fupi kwa mkono mmoja, mpaka ikatae. Kisha kidogo tu. Baada yake oili mpya yamiminwa kwa faneli safi, si yote kwa mara moja, na kijiti cha kupimia hutazamwa. Katika pikipiki nyingi kijiti hicho hupima kikiwa kimeegemea tundu bila kuzungushwa. Katika nyingine huzungushwa. Tofauti hiyo ndogo yaweza kumfanya mtu azidishe oili, na oili iliyozidi ni kosa kama iliyopungua. Injini iwashwe dakika mbili, izimwe, ingojewe, ipimwe tena.

Oili chafu isimwagwe katika laga. Laga ni kavu leo, lakini mvua ikinyesha itayachukua yote mpaka kwenye silanga wanywamo mbuzi. Itiwe katika galoni na kupelekwa gereji, huko wanajua mahali pa kuipeleka. Wala isipakwe mnyororo, ingawa jambo hilo limeenea sana. Oili hiyo imejaa unga wa chuma, na ikipakwa kwa wingi hukamata mchanga wa barabarani. Chuma na mchanga na oili vikichanganyika hupata msasa wa majimaji unaokata meno ya nyuma katika miezi michache. Katika nchi ya mchanga mnyororo hufutwa kwa tambara lenye mafuta ya taa, hupakwa oili nzito ya gia kidogo, kisha hufutwa tena mpaka uonekane kama haukupakwa. Mnyororo mpya hurefuka upesi katika majuma ya mwanzo. Ukisukumwa juu na chini katikati, kwa pikipiki nyingi ucheze milimita 20 hadi 30, upana wa vidole viwili hivi. Ule uliofunikwa una kizibo cha mpira cha kuchungulia. Yafaa upimwe mahali kadhaa huku gurudumu likizungushwa, na nati za pande mbili za nyuma zisogezwe kwa alama zilizo sawa, ama sivyo gurudumu litakwenda kombo.

Chujio la hewa hutajwa katika vitabu vingi kuwa la kutazamwa tu katika matengenezo ya kwanza. Walioandika hivyo hawakufuata lori kutoka Modogashe. Hapo lifunguliwe. La sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, hukamuliwa kwa kubonyezwa pasipo kusokotwa, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa tena. La karatasi halioshwi kamwe. Hupigwapigwa polepole vumbi litoke, na likijaa hununuliwa jingine. Kuna madereva ambao hulitoa kabisa ili injini ipate pumzi. Injini hupata pumzi kweli, pamoja na mchanga.

Yaliyosalia ni mepesi. Pikipiki hizi husafiri katika makasha, zikaungwa mwishoni, na barabara ya mawimbi hulegeza kilichokazwa kwa haraka. Kwa hivi nati za magurudumu, za injini, za usukani na za bomba la moshi hupitiwa zote kwa spana. Spoki hugongwa moja moja: iliyo sawa hulia, iliyolegea husema kama mti. Mkono wa klachi ucheze sentimita moja au mbili nchani kabla haujaanza kuvuta. Upepo wa magurudumu kwa pikipiki nyingi za 100 hadi 150 cc ni 25 mbele na 28 nyuma, na 32 nyuma akiwapo abiria, lakini upimwe kungali baridi. Betri ya maji huongezwa maji ya betri tu. Maji ya visima vya Wajir yana chumvi, na betri haiistahimili kama ngamia.

Kazi yote, pamoja na chai, ni saa mbili. Iliyobaki ni kuandika. Kitabu hutolewa sandukuni, na katika ukurasa ule huandikwa tarehe, kilomita za saa ya mwendo, jina la oili na nafasi ya vali kama ilipimwa, na stakabadhi ya oili hubanwa hapo hapo. Kisha pikipiki huendeshwa mwendo mfupi bila mzigo, husimamishwa juu ya gazeti kuukuu, huachwa mpaka adhuhuri. Gazeti likiwa kavu, maziwa ya kesho yana kipando. Likiwa na tone, bolti huongezwa robo ya mzunguko, na gazeti hugeuzwa upande wa pili.